Baraza Nne Hadi Msikitini

Wasomaji wangu, barua nne za mwezi huu nimeziweka pamoja kwa kuwa zote zinauliza neno moja kwa midomo tofauti: mgonjwa wa kifua akifanya mazoezi, tutajuaje kama anapata nafuu? Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, mzaliwa wa Langoni, Lamu, na kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa kuwatembeza watu wenye pumzi fupi huku saa iko mkononi. Barua nimezifupisha. Namba nimeziacha kama zilivyoletwa.

SWALI: Shikamoo Bi. Mkubwa. Baba yangu ana miaka 67. Ujanani alichoma chokaa, kisha akakata mawe kule Maweni, Manda, na sigara ameiacha miaka sita tu iliyopita. Daktari alisema ana ugonjwa sugu wa mapafu, ule wa kuziba njia za hewa. Amefanya mazoezi ya kifua wiki nane, mara mbili kwa wiki, na siku alizokosa ni mbili tu. Juzi wamempima. Kipimo cha kupuliza kilikuwa asilimia 41 mwanzo, na sasa ni 41 vile vile. Kutembea dakika sita, mwanzo mita 252, sasa mita 306. Karatasi ya maswali mwanzo 24, sasa 19. Baada ya kutembea aliulizwa pumzi imembana kiasi gani, mwanzo akasema 5, na safari hii akasema 5. Kaka yangu anasema kama mapafu hayakusogea basi ni jasho la bure. Baba mwenyewe amenyamaza, na siku mbili hizi hataki kutoka nje. Tuambie kweli, amepata nafuu au tunaliwazwa? Binti wa Langoni.

JIBU: Marahaba mwanangu. Baba yako amepata nafuu. Msomee majibu haya kwa sauti, na kaka yako awepo asikie.

Nianze na kile kilichowavunja moyo. Mtu anapopuliza kwenye spirometa tunapima hewa anayoweza kuitoa katika sekunde ya kwanza, kisha tunailinganisha na ya mtu mwenye afya wa umri wake, kimo chake na jinsia yake. Kipimo hicho ndicho kinachotuonyesha kuwa njia za hewa zimebana, na zimebana kiasi gani. Daktari anakihitaji. Lakini moshi wa tanuri, vumbi la mawe na sigara vimekwisha kuharibu vijinjia na vifuko vya hewa, na hakuna zoezi linaloweza kuvirudisha vilivyokuwa. Hatutarajii 41 ipande kwa mazoezi. Mtu alipaswa kuwaambia hivyo siku ya kwanza, kabla baba hajapuliza, na inaniuma kwamba hamkuambiwa.

Kilichobadilika kiko mapajani. Mwenye pumzi fupi hujihurumia, hukaa kitako, na akikaa misuli ya miguu hulegea. Misuli iliyolegea haijui tena kuitumia oksijeni vizuri, huchoka upesi na kumwaga asidi kwenye damu, na asidi hiyo humlazimisha kuhema zaidi. Yaani mapafu yasiyo na akiba ndiyo yanayodaiwa deni kubwa zaidi. Akihema haraka, hewa ya kwanza haijamaliza kutoka na nyingine inaingia, kifua kinajaa hewa iliyokwisha kutumika, na hapo hofu humshika. Wiki nane za kutembea, kupanda ngazi na kuinua uzito zimemrudishia miguu. Kwa hatua zile zile, mwili sasa unadai hewa kidogo kuliko zamani. Baba yako anazijua kazi za pwani, mwambie hivi: jahazi likipandishwa mchangani likakwanguliwa na kupakwa deheni, hukata maji zaidi kwa tanga lile lile kuukuu.

Sasa zile namba nyingine. Mwaka 2014 jumuiya za matabibu wa kifua za Ulaya na Marekani ziliandika kwamba mwenye ugonjwa sugu wa mapafu akiongeza kama mita 30 katika dakika sita, ongezeko hilo lina maana maishani mwake. Baba ameongeza 54. Karatasi ya maswali, kwa alama hizo, nadhani ni ile iitwayo CAT: maswali manane, kila moja 0 hadi 5, jumla 0 hadi 40, na namba ikishuka ndiyo heri. Inauliza kuhusu kikohozi, kohozi, kifua kubana, pumzi anapopanda ngazi, kazi za nyumbani, kujiamini kutoka nje, usingizi na nguvu za mwili. Kushuka alama 2 tayari kunahesabiwa. Baba ameshuka 5.

Na ile 5 iliyobaki 5? Hapo ndipo wengi hupotea. Kipimo hicho cha 0 hadi 10 ni cha mgonjwa mwenyewe kusema kuhema kumekuwa kuzito vipi, 0 ikiwa hapana kabisa na 10 ikiwa ndio ukomo wake. Mara ya kwanza alifika 5 kwa mita 252. Safari hii amefika 5 kwa mita 306. Bei ile ile, mzigo mkubwa zaidi. Angesimamishwa kwenye mita 252 akaulizwa pale, naamini angetaja namba ndogo. Kwa hiyo mimi sisomi pumzi bila kusoma umbali kando yake.

Kuna swali moja mkawaulize kliniki kwa adabu: siku ya kwanza baba alipimwa mara mbili? Kutembea dakika sita kuna ujanja wake. Mara ya kwanza mtu hajui ajibane kiasi gani, mwingine huanza kwa kasi akakatikia njiani. Mara ya pili anajua, na mara nyingi huzidi kwa mita ishirini na kitu bila ya mazoezi yoyote. Ndiyo maana tunatakiwa kumtembeza mara mbili, kwa mapumziko ya nusu saa au zaidi katikati, tukaandika ile iliyo bora. Kama mwanzo alipimwa mara moja tu, sehemu ya zile 54 huenda ni kuzoea. Bado sitasema ni bure, kwa sababu ile karatasi ya maswali nayo imesogea upande ule ule, na vipimo viwili visivyofanana vikikubaliana mimi huviamini kuliko kimoja kilichoruka juu sana.

Nasisitiza haya kwa sababu nimewahi kumvunja moyo mtu kwa kupima ovyo. Ilikuwa miaka yangu ya mwanzo. Nahodha mmoja aliyestaafu nilimpima ukumbini, kwenye mstari wa mita 30, akatembea mita 340. Wiki nane baadaye ukumbi ulikuwa umejaa vitanda, nikampeleka ua wa nyuma wenye mita 15. Akapata 322. Nikamwambia, kwa sauti ile tunayoijua sote, kwamba ndiyo hivyo, ugonjwa unaendelea. Hakurudi tena. Wiki ile nilipokuwa nikipanga mafaili nikaanza kuhesabu: safari ya kwanza aligeuka mara 11, ya pili mara 21. Kila kugeuka ni kupunguza mwendo, kuzunguka, na kuanza kuuvuta mwili upya. Nilikuwa nimempima ua, sikumpima yeye. Nilimfuata nyumbani kwake Mkomani, nikaketi dakani, nikamwomba radhi. Alirudi. Ukumbini pale pale, mstari ule ule, akatembea mita 381.

Tangu siku hiyo kila faili langu lina urefu wa njia, saa ya kupimwa, dawa ya kuvuta aliitumia saa ngapi, ametembea na bakora au bila, na kama ni Ramadhani. Mtu aliyepimwa saa tatu asubuhi mwezi wa Agosti, kusi likivuma, halinganishwi na yeye huyo huyo saa kumi alasiri katika jua la kaskazi akiwa na saumu.

Mwisho kwako, mwanangu. Muulize baba: kuna jambo gani analotaka pumzi imruhusu? Nami huwauliza wagonjwa wangu wote siku ya kwanza, na jibu naliandika juu kabisa ya faili. Mzee mmoja aliniambia anataka kwenda isha bila ya kuketi njiani. Kutoka mlangoni kwake hadi msikitini alikuwa akiketi kwenye baraza nne za nyumba za watu, na alizijua kwa majina ya wenyewe. Nikaandika: baraza nne. Wiki ya tatu zikawa tatu. Wiki ya sita akabaki na moja, akaniambia hiyo huketi kwa ajili ya kumjulia hali rafiki yake. Hakuna kitabu kitakachokuambia baraza tatu zina thamani gani, na siwezi kulinganisha baraza zake na za mgonjwa wa Shela. Mita ni kwa ajili ya daktari atakayelisoma faili kesho bila kumjua mzee huyu. Baraza ni zake. Naviandika vyote viwili.

Na asiache. Nafuu hii ya miguu huyeyuka ndani ya miezi kadhaa mtu akirudi kukaa. Atembee siku nyingi za wiki, mpaka aheme ila bado aweze kusema maneno machache, na apimwe tena baada ya miezi sita, njia ile ile.

SWALI: Assalaam aleikum dada. Mimi ni mzamia kamba wa Kizingitini, nimestaafu kwa sababu ya kifua. Nilifanya wiki tano za mazoezi kisha kusi likachafua bahari, boti hazina uhakika, na nauli nayo. Naendelea peke yangu nyumbani. Nataka kujipima. Kijana wangu anasema nitembee ufukweni dakika sita yeye akinifuata, na simu ihesabu hatua. Yafaa? Mzamiaji.

JIBU: Waaleikum salaam, kaka. Kwanza, wiki tano si haba, na kuendelea peke yako ni jambo ambalo wengi hulishindwa.

Ufukweni usijipime. Maji yakipwa unakanyaga mchanga mgumu ulioshikana, yakijaa unasukumwa juu kwenye mchanga laini unaomeza mguu. Utajikuta unapima mwezi na bamvua. Kutembea hapo kwa mazoezi ni kuzuri, tena mchanga laini unajenga miguu. Kupima ni jambo jingine.

Hatua za simu zina faida moja: zinaonyesha kama siku zako kwa jumla zimechangamka au zimelala. Lakini simu nyingi haziwahesabu vizuri watu wa mwendo wa polepole au wanaoburura miguu, kwa hiyo usizichukue kama hukumu.

Kipimo kinachofaa nyumba yoyote ni cha kuketi na kusimama kwa dakika moja. Tafuta kiti kigumu kisicho na mikono, urefu wa kiti cha kawaida, kama sentimita 46, kiegemee ukutani kisiteleze. Mikono usiitumie, iweke kiunoni au kifuani. Kijana akisema «Haya!», simama mpaka magoti yanyooke, keti, simama tena, kadiri uwezavyo kwa dakika moja. Ukichoka pumzika, lakini saa haisimami. Yeye ahesabu zile zilizokamilika tu, kisha akuulize pumzi ni ngapi kati ya 0 na 10, na zote mbili aziandike kwenye daftari. Mwezi ujao rudia, kiti kile kile, saa ile ile. Ukiongeza mara tatu au zaidi, umesogea. Mara moja kwa mwezi yatosha. Anayejipima kila siku huishia kuipima hofu yake.

Ila naomba mara ya kwanza uifanye mbele ya muuguzi wa zahanati, akutazame na mapigo ya moyo na oksijeni, kwa sababu dakika hiyo moja ni kazi nzito kuliko inavyoonekana. Usiifanye ukiwa na maumivu ya kifua, ukiwa na homa, kohozi likibadilika rangi na kuongezeka, mguu ukivimba upande mmoja, au ukiwa umepata shambulio la moyo karibuni. Usiifanye peke yako.

Ukitaka pia kutembea, tafuta uwanja mgumu na ulio sawa, wa shule kwa mfano, upime mita 30 kwa futi ya fundi. Kwa kamba ya mshipi ni pima kumi na sita na kitu, pima ikiwa ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, lakini pima ya mtu mrefu si ya mfupi, kwa hiyo fundi atakusaidia zaidi. Weka jiwe kila mwisho. Na kijana asikufuate. Akiwa ubavuni utakwenda kwa mwendo wake, na yeye ana miaka ishirini na kitu. Asimame mahali pamoja, na kila dakika ikipita akuambie kwa sauti ya kawaida, «Unaendelea vizuri, zimebaki dakika tano,» kisha nne, mpaka mwisho. Asikushangilie kama mashindano ya mashua. Maneno ya kutia moyo huongeza mita, na kama mwezi huu amekushangilia na mwezi ujao amenuna, utadhani umezidiwa.

SWALI: Mume wangu alitibiwa kifua kikuu akamaliza dawa zote, na makohozi ni safi. Lakini mwaka wa pili huu hawezi kupanda ngazi ya nyumbani bila kusimama. Je, mazoezi haya ni kwa wavuta sigara tu? Mama Wawili, Mkomani.

JIBU: La, dada yangu. Kifua kikuu kikipona huweza kuacha makovu, na mwenye makovu huhema kama anavyohema mwenye ugonjwa mwingine sugu wa mapafu. Kampala, Uganda, watu wa namna hiyo walifanyiwa mpango wa wiki sita, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Wengi wao walikuwa bado na umri wa kufanya kazi, walihitaji kurudi shambani na sokoni. Wao walipimwa kwa kutembea kati ya koni mbili katika njia ya mita 10 kwa kufuata mlio unaozidi kuharakishwa, na mtu husimama anaposhindwa kuuwahi. Umbali wao uliongezeka. Mwambie daktari wa mumeo kwamba unataka apelekwe mazoezini, na kabla ya kuanza, hesabu ngazi anazopanda kabla ya kusimama mara ya kwanza. Nyumba zetu za mawe zina ngazi ndefu na zilizosimama wima. Namba hiyo utaihitaji.

SWALI: Nimenunua kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni. Asubuhi 95, adhuhuri 92, jana usiku hakikusoma kabisa nikalia. Mwezi mzima nafanya mazoezi na namba haipandi. Nifanye nini? Bibi Harusi wa Zamani, Shela.

JIBU: Pole sana mama. Namba za kifaa kile hutisha, najua.

Kwanza niambie, ulikuwa na piko kwenye kucha? Piko nyeusi huweza kuizuia taa ya kifaa isipite, kikanyamaza au kikadanganya. Wakati wa harusi na Maulidi mimi hupata wagonjwa kadhaa wa namna hii. Tumia kidole kisicho na rangi kwenye kucha, au kidole cha mguu. Mkono uwe wa joto na umetulia, keti dakika tano, kisha isubiri namba itulie ndipo uisome. Tofauti ya pointi mbili hivi juu au chini ni kawaida ya vifaa hivi. Ujue pia kwamba kwenye ngozi nyeusi kifaa huweza kuonyesha namba ya juu kidogo kuliko ilivyo kweli, kwa hiyo usikitegemee peke yake ukiona mwili unakuambia vingine.

Pili, oksijeni ya kidoleni haipandi kwa mazoezi, sawa na kile kipimo cha kupuliza cha babake Binti wa Langoni hapo juu. Sisi tunaitumia kwa usalama, tujue kama inashuka mno mtu anapotembea. Nafuu yako itafute kwingine. Unafua nguo ngapi kabla ya kuketi? Unaongea na simu huku ukitembea?

Kifaa kikionyesha 90 au chini ukiwa umetulia na hiyo si kawaida yako, au midomo ikiwa na rangi ya samawati, au watu wakisema unachanganya maneno, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Siku nyingine kipime mara moja, asubuhi, ukiandike, kisha kitie mtotoni mwa kabati ukafanye mazoezi yako.